Wananisifu nimemuokoa mtoto baharini, mie mwenyewe sikumbuki

Shikamoo Anti. Naomba unifiche jina na kijiji, sema tu ni mama wa huku kusini Unguja mkulima wa mwani, maana huku kwetu ukitajwa mtaa basi ushatajwa wewe.

Anti mie mwani nimeukuta kwa mama. Tangu mdogo nakaa naye ufukweni namfungia mbegu kwenye taitai, zile kamba ndogo za kufungia mwani, nimeolewa nalima, nimezaa nalima. Zamani kazi hii ilikuwa ya miguu, bamvua likifika maji yakipwa unatembea zako mpaka shambani, maji ya magoti, unachuma unarudi kabla hayajajaa. Sasa ule mwani wa bei, kotonii, huku kwenye maji madogo haukubali tena, maji moto, unakuwa mweupe kisha unakatika wenyewe kwenye kamba. Unaokubali ni spinosumu na bei yake wallahi ni kama unafanya kazi ya kujitolea. Ndo kikundi chetu tukashauriwa tuhamie maji makubwa, tukapata dau na mzee mmoja wa kutuongoza. Wanawake tumo humo tumejaa, anayejua kuogelea hakuna. Hata mmoja. Tumezaliwa pwani lakini kuogelea kwetu ni mambo ya watoto wa kiume.

Siku yenyewe kusi lilikuwa limeshaanza lakini asubuhi bahari ilikuwa shwari, tukaenda, tukachuma sana, na ndo tatizo, gunia za mwani mbichi unazijua uzito wake na kila mtu hataki yake ibaki. Binti wa wifi yangu tulikuwa naye, skuli zimefungwa, kang'ang'ania aje. Wakati wa kurudi maji yanajaa na upepo umeshapanda, tulipokaribia mlango wa mwamba mawimbi yakawa yanatupiga ubavuni na dau likaanza kula maji. Tukawa tunayatoa kwa makopo huku tunacheka, ndio Anti, tunacheka, mwenzetu mmoja anasema leo tutafika na pweza amekaa kitako ndani.

Hapo ndo mwisho wa ninachokumbuka vizuri. Baada ya hapo nina vipande tu. Kandambili ya kijani inaelea mbele ya uso wangu, kamba yake imekatika imefungwa na uzi mweupe, naiona mpaka fundo la ule uzi. Chumvi puani. Kisha nipo mchangani nimelala kifudifudi, nimefunikwa kanga si yangu na watu wengi wanasema kwa pamoja. Tulitoka wote salama alhamdulillah, watu wa madema, wavuvi wa mitego, ndo waliotuona wakatukimbilia. Mama mmoja mtu mzima ndo alilazwa kwa maji aliyokunywa.

Sasa Anti wanavyosema wenzangu ni kwamba dau lilipopinduka mie nilimdaka yule mtoto kwa nywele, nikamsukumia dumu tupu la mafuta chini ya kwapa, na mkono mwingine nikashika kamba ya dau, nikakaa hivyo mpaka watu wakafika, na sikupiga hata kelele moja. Mtoto mwenyewe anasema hivyo hivyo. Wifi yangu kaniletea doti ya kanga, kila shughuli tukienda nainuliwa, haya hebu tuhadithie ilikuaje, na mie nahadithia! Nahadithia kama walivyonihadithia wao. Mwanzo nilikuwa najua kabisa kwamba haya ni maneno ya watu, lakini sasa nimeanza kuyaona, najiona niko kwenye maji nimeshika nywele, najiona kama mtu aliyesimama juu ananitazama mimi, na sijui tena kama hii ni kumbukumbu yangu au nimeitengeneza. Najiona feki. Wifi anavyonishukuru mpaka analia, natamani kumwambia mwenzangu mie hata sikumbuki kama mwanao alikuwepo.

Na huku nasifiwa ujasiri, mie mwenyewe kuoga kichwa siwezi. Nikimwagia maji kichwani yakipita puani natoka chooni na povu. Usiku upepo ukivuma kwenye minazi siko usingizini tena. Gunia bichi likipita karibu, ile harufu tu, moyo unakwenda mbio. Watoto wangu wakishuka pwani nawapigia kelele mpaka majirani wanatoka. Ni miezi sasa. Nilijaribu kwenda na wenzangu kwenye bamvua, maji yalikuwa hata hayajafika kwenye vifundo, miguu ikafa ganzi nikarudi. Shemeji yangu ananichekea, kila akiniona ananipigia ule msemo wa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama mkwe anasema nimepigwa na jini wa bahari, anataka aitwe mganga, na mganga keshataja mbuzi na pesa. Binamu yangu anafanya kazi duka la dawa kanipa valiamu nalala nayo, lakini asubuhi naamka kichwa kizito kama gogo. Na kikundi kimeniambia bamvua lijalo nisipopanda dau nafasi yangu watampa mwengine.

Anti nambie, nina wazimu? Nimwambie wifi ukweli? Na nipande au nisipande?

*Mama wa Mwani, Unguja*

JIBU

Marahaba mwanangu, pole sana, na alhamdulillah mmetoka wote.

Wazimu huna, hilo tulimalize mapema tuendelee na mengine. Nianze na hili la kumbukumbu, maana naona ndo linalokutafuna zaidi kuliko hata maji yenyewe, na ndo watu wanalielewa vibaya.

Unadhani mtu akipitia jambo kubwa basi atalikumbuka lote kama mkanda wa video. Si hivyo. Mwili ukiona kifo, moyo unakwenda mbio, pumzi inabana, na akili inaacha kuangalia kila kitu, inakamata kitu kimoja viwili tu na kuving'ang'ania, vingine vyote inavipisha. Wewe umekamata kandambili, mpaka fundo la uzi unalo. Sasa mtu anayetunga uongo hakuletei fundo la uzi mweupe, anakuletea hadithi iliyonyooka yenye mwanzo na mwisho. Akili iliyokuwa na kazi ya kuwaweka hai watu wawili ilikuwa haina nafasi ya kuweka rekodi. Mikono ilifanya, kichwa hakikuandika. Basi.

Na hilo la kutopiga kelele, ambalo naona wenzako wanalihadithia kama ushujaa, mie nataka wanaosoma hapa walisikie vizuri kwa sababu linaua watoto. Mtu anayezama kwa kweli hapigi kelele. Hizi za kwenye filamu, mtu anapunga mkono anaita njooni, hizo ni za mtu ambaye bado ana pumzi ya kuitia. Anayezama mdomo unaingia na kutoka majini, akipata nafasi anavuta hewa, hana hewa ya kupigia ukunga, na mikono yake inayasukuma maji chini kutafuta pa kuegemea, hawezi kuipunga hata akitaka. Anaweza kupotea ndani ya dakika moja na watu wako hatua chache wanapiga soga. Kwa hiyo mtoto akinyamaza ghafla majini, kimbia. Na usimrukie kama hujui kuogelea, mtupie dumu, mtupie kamba, mpe upondo ashike, maana atakukwea kichwani mzame wote, na si kwa ubaya, ni mwili unatafuta pa kupanda. Wewe ulimpa dumu. Hakuna aliyekufundisha na ndo kitu chenyewe kabisa kinachofundishwa.

Sasa hiyo picha mpya, ya kujiona kutokea juu. Hapo unauliza swali zuri na nitakujibu bila kuzunguka, huenda imetengenezwa. Kila tunapohadithia jambo tunalitoa na kulirudisha likiwa limebadilika kidogo, na wewe umehadithia kwenye maharusi mangapi, kwa maneno ya watu kumi, wanakutazama wanakusubiri ufike pale pa nywele. Akili ikiambiwa kitu mara nyingi inakichora. Haimaanishi hukufanya. Maana yake ni kwamba *picha* si yako hata kama *kitendo* ni chako, na hivi vitu viwili ndo vimekuchanganyikia ukaanza kujiita feki.

Nakushauri ufanye hivi. Acha kuhadithia kwenye shughuli. Wakikuinua sema kwa adabu, jamani mie nilikuwa nazama, waulizeni walioona, kisha ukae. Utakuwa umesema kweli tupu na hakuna aliyevunjiwa heshima. Halafu siku moja ya utulivu, si mbele za watu, kaa na wifi yako umwambie, mambo haya nayasikia kwenu, mie mwenyewe nina kandambili tu. Unaogopa atakuona umemdanganya. Sidhani. Mtoto wake yupo, anakula, anakwenda skuli, na mtoto mwenyewe ndo shahidi aliyekuwa mwisho wa zile nywele. Tena mwambie akuhadithie mtoto, taratibu, akitaka mwenyewe, msimlazimishe. Na muangalieni na yeye. Kwenye barua yako nzima mtoto ametajwa kama kitu kilichookolewa, hakuna aliyesema analala vipi. Watoto hawasemi naogopa, wanaanza kukojoa kitandani, wanakuwa wakali, wanacheza mchezo wa dau kupinduka kila siku. Na kanga ni zako, zivae.

Haya, hofu. Aliyeona bahari imegeuka hasahau, na hapa kwetu hatuhitaji kuelezana. Meli ya Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, watu walipakiwa kupita kiasi wanakwenda Pemba, walionusurika wengine walielea kwenye magodoro mpaka kukucha. Hata mwaka haujaisha, tarehe 18 Julai 2012, ikazama na Skagit karibu na Chumbe, kusi hilo hilo. Baada ya hapo watu waliendelea kupanda, watafanyaje, Pemba ni kisiwa, msiba ukiwa ng'ambo utavuka tu. Lakini wapo waliokaa miaka hawataki hata kusikia honi ya meli, watu wazima na ndevu zao, na hakuna anayewachekea mbele ya uso. Kwa nini wewe uchekewe? Kwa sababu ni mwanamke na ni gunia za mwani, si meli.

Wiki za mwanzo baada ya jambo kama hili karibu kila mtu anakuwa hivyo, anashtuka, halali, anaota, na kwa wengi linapungua lenyewe. Likivuka mwezi bado liko vile vile, na wewe unasema ni miezi, hapo ni la kwenda kuongea na mtu aliyesomea. Najua utakaponisoma hapa kitu cha kwanza utasema Anti anataka nipelekwe Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili. Ndo ugonjwa wetu huu, neno moja la hospitali limekuwa tusi mpaka mtu anaona bora afe na lake. Huendi kulazwa mwanangu, unakwenda kukaa kwenye kiti na kuongea. Anzia kituo chako cha afya au hospitali ya wilaya, waambie nilipata ajali ya chombo, silali, naogopa maji, nataka mtu wa ushauri wa afya ya akili, watakuelekeza. Matibabu ya hofu ya namna hii yapo na yanajulikana, ni ya maongezi, unarudishwa kwenye lile tukio kidogo kidogo ukiwa na mtu anayejua pa kusimama.

Valiamu ya binamu rudisha. Kama umeshaitumia muda mrefu usiikate kwa siku moja, muulize daktari namna ya kuipunguza, kwa sababu mwili unaizowea na ukiikata ghafla hofu inarudi na nguvu mara mbili. Kwa hofu ya ajali haikutibu, inakulaza tu, na hicho kichwa kizito unakijua wewe. Binamu anakupenda lakini duka la dawa si daktari.

Mganga, mmh. Mama mkwe usigombane naye. Kama anataka kisomo, kisomeni, kaa katikati wasome, utatulia, na watu wa nyumba watakuwa wamekusanyika kwa ajili yako na hilo peke yake ni dawa. Lakini mbuzi na pesa hapana. Jini gani huyo anayejua bei ya mbuzi sokoni.

Kuhusu maji yenyewe, ukiyakimbia hofu inanenepa, ukitupwa ndani kwa nguvu inanenepa vile vile, kwa hiyo usikubali ile ya mtu kukuambia twende tu utazowea. Anzia bafuni. Maji ya uvuguvugu, kata ndogo, mabega kwanza, kisha kisogo, uso baadaye kabisa na pua umeibana mwenyewe. Pwani uende maji yakiwa yamepwa hasa, tena si siku ya kazi, na mtu mmoja tu asiye na mzaha, mumeo anafaa kama hana neno baya. Simama pale miguu ilipokufa ganzi. Usirudi moyo ukiwa juu, hili ndo watu wanalikosea, kaa pale pale, hesabu pumzi, tazama kaa, ongea, mpaka moyo ushuke wenyewe, na utashuka, mwili hauwezi kukaa na presha ile masaa. Ukishashuka ndo uondoke. Ukiondoka ukiwa bado unatetemeka umeufundisha mwili kwamba kilichokuokoa ni kukimbia. Kesho yake au bamvua linalofuata unasogea kidogo. Kama hata hapo pa vifundo ni pazito mno, subiri ufike kwa mshauri muanze naye.

Lakini sasa nipande au nisipande. Mwanangu hapa sitakudanganya, sehemu moja ya hofu yako ni kidonda na sehemu nyengine ni akili timamu, na watu wa kijijini kwako wanazicheka zote mbili kwa pamoja. Kuogopa maji ya kuoga ni kidonda, kitapona. Kuogopa dau lililojaa gunia bichi na wanawake wasiojua kuogelea, wakati wa kusi, maji yanajaa, bila laifu jaketi hata moja? Hiyo usiitibu! Hiyo ndo iliyokosekana siku ile wakati mnacheka na makopo.

Kwa hiyo jibu langu ni usipande bamvua lijalo. Si kwa ajili yako peke yako. Nenda kwenye kikao cha kikundi, na sasa hivi una sauti ambayo wengine hawana maana wote wanakuita shujaa, itumie hiyo, waambie mie sipandi na nyinyi msipande mpaka kuna jaketi kwa kila kichwa, mzigo unarudi kwa safari mbili, na mzee akisema upepo umepanda watu wanaacha gunia majini zimefungwa kwenye boya wanarudi na roho zao. Wakisema jaketi ghali, hesabuni mwani uliozama siku ile ulikuwa wa shilingi ngapi. Aliyewashauri mhamie maji makubwa, awe mradi au mnunuzi, aulizwe mbele ya watu kwa nini alileta kamba na dau akasahau kitu cha kuelea.

Na mjifunze kuogelea. Nungwi huko wasichana wamefundishwa, na nguo zao za stara, mwalimu mwanamke, hakuna aliyevunja dini. Si lazima uwe samaki, kuelea chali tu, uso juu, mikono imetanuka, unapumua unasubiri watu wa madema. Hicho kitu kimoja kinamfaa mkulima wa mwani kuliko semina zote. Wewe utakuwa wa mwisho kuingia darasani na sawa, kaa mchangani uwatazame kwanza.

Nafasi yako wakimpa mwengine, mpaka upone lima spinosumu huku kwenye maji ya magoti, bei ni hiyo mbaya lakini kuna kina mama wanaukausha wanasaga wanatengeneza sabuni, inalipa zaidi kuliko kuuza gunia kwa mnunuzi. Au kaa na kazi ya kufunga mbegu na kuanika, kikundi kinahitaji watu wa nchi kavu pia, wakupe hisa yako, wasikufanye kama umefukuzwa.

Shemeji naye, siku akija tena na ung'ongo wake, mkabidhi kopo, muoneshe dau lilipo, na gunia zote mumpakilie.